Chumvi Nyuma ya Stoo

Mimi ni mpishi kwenye mgahawa mmoja hapa Mikumi, na sijui kesho nitaingiaje kazini.

Mama Neema, anayekaa kaunta, ni sawa na mama yangu mzazi. Wiki hii, kila wateja wa chai wakiisha, alikuwa anakwenda nyuma ya stoo, anakaa, anafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Nikampa shikamoo, kimya. Mtu mzima akikunyima marahaba, ana lake jambo. Halafu nikaona midomo yake inacheza. Kwa akili zangu nyingi, nikajua ananiroga mimi.

Leo nikamnyemelea na bakuli la chumvi, kinga aliyonifundisha bibi, nikaanza kukizungushia kiti chake. Akafumbua macho.

“Umenishtua, mwanangu. Nesi wa zahanati kanifundisha kukaa hivi, nitulize mawazo mabaya. Kuna moja halinitoki, kwamba humu kazini kuna mtu ananidhania mchawi. Ndiyo najizoeza kujiambia si kweli.”

Kisha akatazama chini, kwenye duara jeupe lililozunguka miguu yake. Lilikuwa limebaki kidogo tu lifunge.