Fundi wa Kitale anayenakili hotuba za matanga bila kuzisikia

Saa tatu asubuhi, mtaa wote wa nyuma ya soko la Kitale unapiga kelele, isipokuwa kibanda cha fundi wa redio. Ndani, kaseti inazunguka. Hesbon Wekoye ameegemeza kidevu kwenye kiganja, akitazama mistari ya kijani ikipanda na kushuka kwenye kompyuta. Husikii kitu. Spika amezing'oa na kuzifungia kabatini.

"Hapo kuna mtu anasema," ananiambia, akionyesha mistari. "Na anasema sana. Lakini mimi sitaki kujua anasema nini."

Kwenye kaseti hizo mna kumuse, hotuba ambayo Wabukusu wa magharibi mwa Kenya hutoa baada ya kumzika mzee anayeheshimika. Msemaji hutembea katikati ya waombolezaji akiwa na fimbo, akitaja koo, safari na vita vya tangu zamani, na hakuna anayeinuka mpaka amalize. Sehemu kubwa ya historia hiyo haijaandikwa popote.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, Hesbon amekuwa akiitwa matangani, Bumula hadi Webuye, na redio yake ya kurekodi. Alilipwa chai, na siku ya bahati, kuku. Kaseti zikarundikana mpaka zikapita mia mbili, ukungu nao ukaanza kuzila.

Mwaka jana, Lenah Nasambu, msimamizi wa maktaba ndogo ya jamii huko Bumula, aliomba ufadhili kutoka shirika la ng'ambo linalosaidia jamii zenye kumbukumbu kama hizi. Ombi likakubaliwa. Hesbon akapata kompyuta, deki ya kaseti na shilingi elfu tisa kwa mwezi, ambazo redio mbovu za Kitale hazijawahi kumpa. Sharti lilikuwa moja: kazi iishe kufikia Juni hii ya 2007.

Hapo ndipo alipoharibu. Siku ya kwanza alifungulia sauti, kama fundi yeyote anayejaribu chombo. Kumuse ikamwagika mtaani mchana kweupe. Mama mmoja wa Bungoma aliyekuja kuchukua pasi yake akaketi chini na kuanza kulia. Wengine wakaketi nyuma yake, kimya, wala hakuna aliyethubutu kuondoka. Hakuna aliyeuliza nani amekufa, kwa sababu kumuse husemwa palipo na msiba, basi. Kufikia jioni, habari ilikuwa imefika kwao Bumula kwamba kumuse inatoka kibandani kwa Hesbon, basi Hesbon amefariki.

"Watu wakakuja na pikapu ya kukodi," anasema, na hapa anacheka mpaka anafuta macho. "Shangazi yangu amebeba unga na sufuria. Ananikuta nakula ndizi. Bana, si alinichapa na mwiko!"

Wazee hawakucheka. Mzee Kizito Wabwile, msemaji wa kumuse ambaye sauti yake imo kwenye kaseti nyingi, alikataza kazi hiyo papo hapo. Kwake, maneno ya matanga yakisemwa pasipo na msiba, ni kuita kifo nyumbani. Kompyuta ikafunikwa shuka, miezi ikapita, na Lenah akaanza kufikiria namna ya kurudisha pesa za wafadhili.

Kilichomnyima Hesbon usingizi hakikuwa mshahara. Ni kaseti moja, ya mazishi ya baba yake mwaka 1989. Aliirekodi mwenyewe, akihangaika na betri zilizokuwa zinaisha, na hakushika neno hata moja. Hajawahi kuicheza. Hakujua hata kama ina kitu ndani.

Aliyemwokoa ni jirani yake, Nduta, fundi cherehani ambaye wazazi wake walihamia huku Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Alikuwa amechoka kumwona Hesbon ameinamisha kichwa kila asubuhi.

"Baba Ivy," akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, bila kuacha kushona, "kwani hiyo mashine lazima ipige kelele ndio inakili? Si uzime sauti?"

Hesbon anasema aliona aibu, kisha akaona raha. "Mimi nimezoea kusikia ndio nijue kitu imepona. Hiyo maneno haikuniingia kichwa kabisa."

Siku iyo hiyo alienda Bumula kwa Mzee Wabwile.

"Hiyo mashine inasikia?" mzee akauliza.

"Inasikia, mzee, lakini haisemi."

"Basi isikie," mzee akasema. "Ya kusema, tutaipa ruhusa sisi."

Wakapatana. Nakala zitakaa kwenye chumba kimoja cha maktaba ya Bumula. Familia ikitaka kumsikia mzee wao, itaomba ruhusa kwa wazee, itaketi na hedifoni masikioni, na hakuna atakayeinuka mpaka hotuba iishe, kama matangani. Lenah anasema aliposikia hayo alilala usingizi wa kwanza wa maana tangu Krismasi.

Wiki iliyopita, Hesbon alisafisha kaseti ya baba yake kwa pamba na spiriti, akaitia kwenye deki na kubonyeza. Skrini ilikaa tupu. Akangoja. Kisha mistari ikapanda.

"Iko," ananiambia, na machozi yanamlengalenga. "Yote iko."

Chumba cha Bumula kitafunguliwa Agosti, na wazee wamekubali familia yake iwe ya kwanza. Alimpigia mama yake simu kumweleza kwamba amenunua hedifoni.

"Mama akaniuliza, 'Umenunua ngapi?' Nikamwambia moja. Akaniambia, 'Rudi dukani.'"