Sikio Kwenye Tairi

Jumamosi saa nne asubuhi, gari kuukuu la spoti lilikuwa juu ya jeki kwa fundi mmoja Kitengela, likifungwa rimu na tairi kubwa kuliko zile lililotoka nazo kiwandani. Mimi nilikuwa nasubiri kuzibiwa pancha. Jirani wa mwenye gari, aliyekuja na gari lake la kusambaza mayai, alisimama kando amekunja mikono.

"Zitakwaruza, bosi," alisema. "Ukikata kona tu, zinakula fenda."

"Jirani, wewe peleka mayai," mwenye gari akamjibu.

Jirani hakucheka. Fundi alipolishusha gari na kukata usukani hadi mwisho, jirani alichuchumaa, akaweka sikio karibu na tairi. Kimya.

"Hebu kata na huku kwingine," akamsihi fundi.

Kimya tena.

Nimewahi kuona watu wakiombea gari lipone. Huyu aliliombea likwaruze.

Gari likaondoka kuelekea Isinya. Jirani alilisindikiza kwa macho hadi likapotea, kisha akazigeukia rimu za zamani, ambazo mwenye gari alikuwa amemwachia fundi.

"Fundi, hizi zinaweza kuingia kwa yangu?"

Nilipoondoka, gari la mayai lilikuwa juu ya jeki.