Niliitika Kule Silanga

Juzi binti wa rafiki yangu, mwanafunzi wa chuo, alinipigia simu. "Anti, mum ameniambia zamani ulikuwa unaigiza," akasema. "Nisaidie nipate kundi la kunichukua nifanye atachimenti, yale mazoezi ya kazi ya chuo. Nimezunguka mpaka nimechoka." Nikamwambia nitaulizia. Jumamosi nikavaa viatu vya kutembelea, nikaenda Kabiro, kule Kawangware, nikitumaini kwamba ukumbi wetu wa zamani ungali pale na kwamba ndani yake kuna angalau mtu mmoja anayemjua mtu.

Ukumbi haupo. Palipokuwa na kuta zake za mabati pamesimama ghorofa la kupangisha, vyumba juu ya vyumba, blanketi na sare za shule zimeanikwa kila mahali. Nilimwuliza mama aliyekuwa akikaanga mandazi langoni kama anakumbuka jengo lililokuwa hapo. "Mimi nilikuja nikakuta ploti," alinijibu bila kuinua macho kwenye karai. Nikasimama tu, rafiki yangu, nikisikia harufu ya mafuta moto na, chini yake, naapa, harufu ya rangi ya maji na jasho la zamani la mavazi ya jukwaani. Nikajikuta nimegeuka kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa.

Wakati ule nilikuwa kidato cha tatu, nikiishi Gatwekera, mtaani Kibera, na nyanya yangu mzaa mama. Yeye alikuwa wa Kitui, na kwetu nyanya huitwa Susu. Siku nzima alikaa mlangoni akisuka vyondo, katani ameibana kwa kidole cha mguu, akitoa amri bila kugeuza kichwa. Unayajua maisha ya kule. Jirani akikaanga omena, nywele zako zinanuka omena mpaka kesho. Mvua ikipiga mabati, mnaongea kwa ishara kama mabubu. Asubuhi nilichota maji kwenye tangi, nikaloweka muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Susu hakuweza kuishi bila kuyala, nikapangusa masizi ya taa. Kisha nikawa huru kuwaza jukwaa.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili aliyesimamia maigizo. Mchezo wetu ulitolewa mapema kwenye mashindano, wenzangu wakalia, na mimi sikulia kwa sababu nilikuwa bado natetemeka kwa furaha ya kupigiwa makofi. Mwalimu aliliona hilo. Likizo ya Aprili ilipokaribia akaniambia, "Tafuta kundi la watu wazima wakufunze. Wakikufungia mlango, shika ufagio, ufagie nje."

Nilianza na makundi ya huku kwetu Kibera. Moja lilikuwa limegeuka kwaya. Jingine nilikuta kufuli yenye kutu na kuku wamelala mlangoni. Ndipo nikasikia habari za kundi la Kabiro. Nikatembea kutoka Gatwekera kupitia Jamhuri, nikavuka Barabara ya Ngong, matope yamenishika mpaka kwenye vifundo, na kabla ya kuingia nikaomba maji kwenye kioski nikanawa miguu ili nionekane mtu wa maana.

Mwelekezi wao, aliyeitwa na kila mtu Dairekta, alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Sasa. Unataka nani?"

"Nataka kujifunza kuigiza. Nimetumwa na ticha wetu."

"Maticha wanatupenda sana. Kila likizo wanatuletea mtu." Akaketi juu ya ngoma. "Haya, lia."

"Nilie?"

"Kila mtu akikuja hapa anasema anajua kulia. Lia tuone."

Nilijaribu. Niliwaza mambo yote ya huzuni ninayoyajua, hata mama yangu aliyelala kaburini Kitui, na uso wangu ukakauka kama ngozi ya ngoma. Mtu mmoja akacheka. Kwa kukata tamaa nikasema kulia siwezi, lakini naweza kumwonyesha nyanya yangu akigombana na mbuzi wa jirani aliyekula katani zake. Nikaigiza Susu, nikaigiza na mbuzi pia, ambaye ndiye aliyekuwa na maneno mengi zaidi. Walipomaliza kucheka Dairekta akapangusa macho. "Kesho ukuje mapema," akasema. "Ufagio uko nyuma ya mlango."

Ndivyo nilivyopata nafasi yangu. Nilifagia, nikachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria iliyopinda, nikapiga mavazi pasi ya makaa. Mwigizaji aliyecheza mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, alinifundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama mtu huipata mara ya pili. Halafu msichana aliyecheza binti wa mchezo akapata kazi ya dukani Thika, akaondoka, na Dairekta akanitazama.

"Wewe, wa mbuzi. Maneno ya binti unayajua?"

Niliyajua yote. Nilikuwa nikiyasema nikifagia.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Binti anatumwa maji wakati wa mvua kubwa. Anavuka mahali pabaya, na harudi. Jioni mama anamwita, anaita tena, na hakuna jibu. Hapo Dairekta alipuliza filimbi, mchezo ukasimama, akawauliza watazamaji: kama ungekuwa mama huyu, au jirani yake, ungefanya nini? Mwenye jibu alikaribishwa uwanjani achukue nafasi ya mwigizaji, aonyeshe kwa vitendo. Hatukuwa na jukwaa wala tiketi. Tulipiga ngoma mtaani, watu wakajaa, tukacheza. Lengo lilikuwa watu wazungumze kuhusu vivuko vile kabla maji hayajabeba mtu mwingine.

Siku tulipocheza Silanga, upande mwingine wa Kibera, mbingu ilikuwa nyeupe na nzito. Tulisimama upande wa bwawa, karibu na vijishamba vya sukuma, mahali akina mama wanapouza mboga na makaa. Magugu yalikuwa yamefunika maji yote hata ungedhani ni malisho. Ngoma zikalia, watu wakaja. Nilicheza sehemu yangu, nikaaga, nikajificha nyuma ya shuka lililofungwa kwenye miti miwili. Kazi yangu kuanzia hapo ilikuwa kunyamaza.

Mwigizaji akaita, filimbi ikalia, Dairekta akauliza swali lake. Nikamwona kwenye upenyo wa shuka mwanamke mwembamba akitoka upande wa magunia ya makaa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakusema ana jibu. Alichukua leso kiunoni mwa mwigizaji, akajifunga, akasimama akitazama kule maji yanakoingilia bwawani. Kisha akaita.

Hakuita jina la binti wa mchezo. Aliita jina jingine, ambalo sitaliandika hapa, maana si langu kuligawa. Mtu aliyekuwa akipasua kuni akasimama na shoka hewani. Mwanamke akaita tena, na wala haikuwa sauti ya kilio. Ilikuwa sauti ya mama anayeita mtoto aje kula, yenye hasira kidogo, ya mtu anayejua mtoto yuko karibu na anamsikia. Kama sauti ya Susu.

Alipoita mara ya tatu nikaitika.

"Nakuja, mum!"

Maneno yalitoka kabla sijayafikiria. Nikasukuma shuka, nikaenda nikasimama mbele yake. Alinitazama muda mrefu. Akagusa mkono wa blauzi yangu, akagusa pindo la sketi, akalifinya baina ya vidole vyake vyeusi.

"Nguo zako ni kavu," akasema. "Ni kavu kabisa."

Kisha akaanza kunifokea. "Umekuwa wapi? Chakula imepoa. Nilikwambia mvua ikianza usivuke hapo. Nilikwambia ama sikukwambia?"

"Uliniambia, mum."

"Na ukavuka."

"Nilivuka."

Akavuta pumzi, akaishusha. "Haya," akasema. Akafungua ile leso, akanizungushia mabegani kama mtu anayemfunika mtoto baridi, akarudi kwenye makaa yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa mboga ndiye aliyetueleza, kwa sauti ya chini, akimenya ndizi ambayo hakuila. Mvua za mwaka uliotangulia zilimchukua binti wa yule mwanamke, msichana wa umri wangu, pale pale tulipokuwa tukipatazama. Walitafuta kwa miti na kwa mikono. Hakuonekana.

Tulirudi Kabiro kwa miguu bila mtu kuimba. Ukumbini Dairekta akavua kofia yake, mara ya kwanza kumwona kichwa wazi. "Nani alikwambia uitike?"

"Hakuna mtu."

"Huyo ni mtu, si mchezo. Umempa kitu hatuwezi kumpa."

"Ungetaka aachwe akiita?" mwigizaji wa mama akamwuliza.

Dairekta akairudisha kofia kichwani. Alisema mchezo ule tumeufunga, na kwamba mimi nirudi kwetu nipumzike mpaka atakaponiita. Nilijua maana yake.

Susu alinisikiliza huku akisuka. Nilipofika mahali nilipoitika, vidole vyake vikasimama. "Ukiitika jina la asiyekuwepo," akasema, "unaachiwa kazi zake." Kisha akasali kwa Kikamba kwa muda mrefu, mkono wake umeushika utosi wangu kama unaozuia kitu kisiruke. Siku zile zilikuwa mbaya. Nikiwa kwenye tangi la maji nilisikia lile jina likiitwa nyuma yangu, nikageuka nikakuta ni watu wanaongea mambo yao. Nilianza kuogopa kulisikia, na nikaogopa zaidi kwamba nililingojea.

Jumapili baada ya kanisa Susu akajifunga leso. "Twende ukamwambie jina lako," akasema.

Tulimkuta yule mwanamke kwake Silanga. Alikuwa mtu wa upande wa Ziwa, na alitukaribisha kama wageni aliowatarajia. Alitupakulia mahindi na maharagwe, aliyoyaita nyoyo, na Susu akasema kwetu pia chakula ni hicho hicho ila nyinyi hamuyakoboi mahindi, wakacheka kidogo. Akamimina chai. Akamimina na kikombe kimoja zaidi, akakiweka mbele ya nafasi tupu kitandani, na mkono wake ukabaki hapo hewani, birika limeinama. Susu alikitazama. Akajinyoosha, akakichukua, akakinywa polepole mpaka mwisho.

"Chai isiachwe ipoe, mama," akasema.

Hapo nikamwambia yule mwanamke jina langu. Akalirudia, mara mbili, kwa uangalifu.

"Usifikirie nilikuwa nimechanganyikiwa," akaniambia. "Nilikuona ukikuja na ngoma. Nilijua wewe si yeye. Lakini mimi nimeita hayo maji tangu mwaka jana, na hakuna mtu ameniitikia." Akamgeukia Susu. "Wazee wa kwetu wanataka tuzike tunda la mwegea mahali pake. Ndiyo desturi, mtu akipotelea majini. Nimekataa. Ningezikaje na bado naita?"

Susu alimshika mkono tu.

Tulipoinuka kuondoka akanizuia mlangoni. "Kwa mchezo unatembea vibaya," akasema. "Wewe unatembea kama mtu wa haraka. Yeye sandali yake ya kushoto ilikuwa kubwa. Alikuwa anaivuta hivi." Na yule mwanamke akatembea, kutoka kitandani mpaka mlangoni, akiburuta mguu, goti limelegea kidogo kama la mtu anayepiga teke jiwe bila nia. "Jaribu." Nikajaribu. "Hapana, polepole. Hivyo. Hivyo." Akafunika mdomo kwa mkono, kisha akautoa. "Mcheze. Watu bado wanavuka hapo."

Nilipeleka maneno hayo Kabiro, na Dairekta akaurudisha mchezo. Tuliucheza mpaka likizo ikaisha, na baadaye wikendi, Kawangware na Kibera, na kila mara nilitoka uwanjani nikiburuta mguu wa kushoto. Silanga tulirudi mara moja tu. Banda lake la makaa lilikuwa na mtu mwingine. Alikuwa amesafiri nyumbani, jirani zake walituambia, na tunda lilizikwa, na watu walikuwa wengi. Hakurudi tena Nairobi.

Sasa hata vile vyumba vilivyokuwa karibu na maji vimebomolewa. Dairekta alikwenda kwao, nikasikia amefariki. Mwigizaji wa mama sijui aliko, wala sijui nimpeleke kwa nani binti wa rafiki yangu. Susu tulimrudisha Kitui, akalazwa kando ya mama yangu. Kati ya watu waliomwona msichana yule akitembea, au waliomwona mamake akinionyesha, sijui kama kuna aliyebaki. Picha yake sikuwahi kuiona. Kaburini kwake kuna tunda. Lakini jioni nikiwa nimechoka, nikitoka jikoni na sufuria mkononi, wanangu huniuliza kwa nini natembea hivyo, nami huwaambia ni goti, goti tu. Kisha najilazimisha kunyoosha mguu, na kila ninapounyoosha naona kama nimemfungia mtu mlango.