Tende za Mama Jamali

Mie nina mdomo, najijua. Ila safari hii nilikuwa na haki ya kufoka. Mama Jamali, jina lake hasa Hamida, jirani yangu wa chumba cha pili hapa Tandale, kauza vitumbua barazani miaka na miaka, nami nikisuka nywele pembeni yake. Kila siku ni wimbo huohuo: "Atuganile, mie nataka niione Makka kabla sijafa." Mwaka jana msimu wa Hija ukafika, akaenda kweli. Aliporudi, mtaa ukamgeuzia kibao.

Kisa? Zawadi! Mtu akitoka Hija, watu wanamsubiri: maji ya Zamzam, tende za Madina, tasbihi, misala. Hata mie Mkristo, Mmoraviani wa Tukuyu, kikombe changu cha Zamzam nilishakiosha. Mama Jamali akashuka kwenye bajaji na sanduku moja tu, macho yamevimba. Sanduku likaingia ndani, mlango ukafungwa. Kesho yake jioni akatugawia tende, kila chumba kisahani. Zamzam hakuna, misala hakuna.

Basi Mama Mfaume, dada wa mwenye nyumba, akapata la kusema. "Tende zenyewe kanunua Kariakoo leo asubuhi, nimemwona kwa macho yangu haya. Makka gani? Alijificha kwa dada yake Mbagala huyo!"

Loo! Wiki haikuisha, uani kote ni "Hija ya Mbagala", hata watoto wanaiimba bombani. Na wanaocheka ni walewale waliozila hizo tende wakaramba na vidole! Hakuna aliyemwita Hajati, hata mmoja. Mwanamke kakaa motoni, moshi unamwingia machoni, kwa ajili ya safari moja tu, halafu mnamnyima jina lake kisa tende? Nilikasirika mpaka mteja wangu akalalamika navuta nywele.

Nikamfuata chumbani. "Shikamoo, Mama Jamali. Hebu nipe pasipoti yako nikawaoneshe, tuwazibe midomo."

"Marahaba, mwanangu. Sikupi. Mie nilikwenda kwa Mungu, sikwenda kwa Mama Mfaume."

"Na tende za Kariakoo je?"

"Niliona haya kuwaacha mikono mitupu."

Sasa hayo majibu gani! Siku hiyo nilimkasirikia hata yeye.

Jumapili ile akaingia uani binti mgeni, anaitwa Yasmini, katoka Kilwa. Watu wote tupo, wengine wanafua, wengine wanamenya viazi. Akauliza, "Hajati Hamida anakaa hapa? Alilala chumba kimoja na mama yangu kule Makka. Mama alifia kulekule, wakamzika."

Mama Jamali akalitoa lile sanduku, kamba yake haijafunguliwa. Ndani mlikuwa na kanga za marehemu, miwani yake, misala, tende na kichupa cha Zamzam.

"Kwenye ndege kila mtu ana kilo zake," Mama Jamali alisema, utadhani anaomba radhi. "Nisingeweza kubeba vyangu na vyake. Vyangu nikawapa wafagiaji wa hoteli. Ningemwachaje mwenzangu? Na nisingeyasema haya uani kabla hujavipokea wewe mwenyewe."

Yasmini akajifunika uso kwa kanga moja. "Bado inanukia mama," akasema, akalia kilio cha kukata maini. Mie nikalia naye, sioni aibu.

Alipotulia akafungua tende. "Mama alizinunua kwa ajili ya majirani. Na nyie ni majirani." Akazipitisha. Na nani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono? Mama Mfaume! Akatafuna, akatema kokwa kiganjani, akatabasamu.

"Hizi sasa ndizo tende. Mungu akutakabalie Hija yako, Hajati."

Jamani! Nilishasimama nimvae, lakini Mama Jamali akaniwahi. Hata sauti hakuipandisha.

"Hilo jina aniite huyu binti," akamwambia. "Wewe niite muuza vitumbua."

Mama Mfaume akabaki na kokwa mkononi, hajui alitupe wapi.