Kikohozi Nyuma ya Migomba

Baba mkwe wangu anakohoa kuliko mtu yeyote hapa Ipinda, na hana ugonjwa wowote. Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu sikulijua hilo. Mimi ni Mnyakyusa wa damu, ila nimekulia Morogoro, mila nyingi nilizisikia kwa mbali tu. Nikamwambia mume wangu, "Mpeleke baba hospitali, kile kifua kitamuua." Alicheka mpaka akakaa chini.

"Anakukoholea wewe," akasema. "Anakuambia anapita, ujifiche."

Ndiyo mila yenyewe. Kwa wazee wetu, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasalimiani, hawakutani njiani. Yeye akija huku, wewe unaingia kule. Vijana wengi wameshaiacha, na kanisani hakuna anayeihubiri, lakini baba mkwe wangu, mzee wa kanisa kabisa, aliishikilia kwa mikono miwili. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na migomba tu, na uso wake sikuwahi kuuona. Nilimjua kwa kikohozi, na kwa mikungu ya ndizi niliyoikuta asubuhi mlangoni, imeegemezwa ukutani vizuri.

Nilichukia, nisiseme uongo. Heshima gani hii ya kukimbiana kama kuku na mwewe? Na mdomo ninao, basi mume wangu aliyasikia malalamiko yangu kila jioni mpaka akawa anachelewa kurudi.

Halafu mimba yangu ya kwanza ikaharibika. Akina mama wa kanisa walikuja, wakakaa nami kwenye mkeka, wakaniambia Mungu yupo nami, hajaniacha. Nikaitikia amina. Moyoni nikasema, yupo wapi? Mbona simwoni? Niliendelea kwenda ibadani, lakini mchungaji akisema "Bwana awe nanyi" niliitikia kama mtu anayejibu hodi ya mdai.

Nilipopata mimba nyingine, niliibeba kwa woga. Nilikuwa natembea kama nimebeba mayai. Yule mtoto nilimtaka kuliko kitu chochote duniani, na kila nilipoinama kupalilia nilikuwa nasikiliza tumbo.

Uchungu ukanishika asubuhi moja ya masika. Mume wangu alikuwa amevuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu na mzigo wa mchele, mama mkwe kaenda msibani Matema. Mvua ilikuwa imeshinda na kulala inanyesha. Nikatoka nje nikakuta njia haipo. Shamba la mpunga, njia na ule mtaro mkubwa unaopita kando yake, vyote vimekuwa maji mamoja ya rangi ya chai. Nikampigia simu jamaa mwenye bajaji. "Mama, huko kwenu sishuki ng'o," akasema. "Jikaze ufike barabarani, nakusubiri."

Jikaze! Nikashika nguzo ya baraza, nikalia, na hasira zikanipanda. Nikagombana na Mungu kwa sauti kubwa, maana nilijua sina mtu wa kunisikia. "Haya! Si unakaa nami? Kila Jumapili naambiwa. Sasa uko wapi? Au na wewe umevuka Kasumulu?"

Nyuma ya migomba mtu akakohoa.

"Wewe mgomba," sauti ya baba mkwe ikasema, "mwambie huyo mwenye uchungu ajitande kanga, atazame chini. Mimi natangulia. Akanyage ninapokanyaga."

Hata siku ile hakunisemesha mimi, alisema na mgomba! Ningekuwa na nguvu ningecheka. Nikajitanda kanga, nikaingia majini.

Nilichokiona ni mgongo tu, mgongo mwembamba ndani ya koti kuukuu la mvua. Alichoma fimbo chini, akapima, akakanyaga. Nami nikakanyaga pale pale. Uchungu ulipokuja nilisimama, na yeye akasimama. Hakugeuka. Nikajiuliza amejuaje, kumbe alikuwa anasikiliza miguu yangu majini. Alisimama mvua ikimpiga mabegani, ananisubiri, wala hakuniharakisha. Uchungu ukiachia, nikinyanyua mguu tu, anasikia, anakohoa kidogo, tunaendelea.

Karibu na mtaro nikateleza. Nikapiga ukelele, "Tata!" yaani baba, neno ambalo sikuwahi kumwita. Bila kugeuka akairudisha fimbo nyuma. Nikaidaka. Tukaenda hivyo mpaka ng'ambo, ncha moja kwake, nyingine kwangu. Mila haikusema lolote kuhusu fimbo.

Barabarani akajitenga, akasimama kwenye mti wa kakao, uso ameuelekeza kwenye shina, mpaka nikaingia kwenye bajaji. Nikashindwa kujizuia. Nikapaza sauti, "Ndaga fijo, tata!" Asante sana, baba. Mwenye bajaji alinitazama kama nimetukana. Mzee akakohoa tu.

Mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo, wa kike, mzima, na kelele zake ziliwaamsha wagonjwa wodi nzima. Nililia kwa furaha mpaka muuguzi akanigombeza.

Maji yalipopungua tulirudi nyumbani. Mama mkwe akamchukua mtoto, akampeleka nyumba ya pili akaonane na babu yake. Mimi nikabaki jikoni, nimekaa kwenye kigoda, masikio yote yapo kwenye migomba. Nilisikia kule kwake kigoda kinasogezwa. Nikamsikia mzee anamuombea, ombi fupi, nikasema amina kimya kimya. Kisha akaanza kuzungumza na mtoto, taratibu, ila kwa sauti aliyojua itanifikia.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako hivi. Mungu hakuvuka Kasumulu."

Kumbe alinisikia siku ile, kila neno! Nikajifunika uso kwa kanga, nikacheka huku nalia, nalia huku nacheka. Kule nyuma ya migomba, mtu akakohoa.