Bibi na Neno Utumishi

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu huko Uganda, wa kwanza kutia shaka alikuwa bibi mzaa baba, aliyenilea pale Mzenga. Baba alimweleza kwamba serikali ingenigharamia kila kitu, nami nikirudi ningeingia katika utumishi.

Bibi akaacha kupepeta mchele. "Utumishi ndio nini?"

"Kutumika serikalini, mama."

"Kutumwa," akasema bibi. "Mama yangu mzazi alikuwa mtumwa, wala hakusomea. Leo mume wangu mnampeleka akasomee?"

Huyo mume wake ni mimi. Tangu nizaliwe hakuniita jina jingine. Watu wakacheka, lakini mimi roho ilikuwa haijatulia. Serikali iliyomweka ndani baba mdogo kwa kutolima muhogo, leo imenipendea nini? Hata Mzungu wa serikali aliyenihoji Kisarawe kabla ya kunipa nafasi ile aliniuliza kama ningeweza kumshitaki mjomba wangu. Nikajibu kwamba ingetegemea kosa. Akatabasamu, na tabasamu lile silipendi mpaka leo.

Nikaenda hivyo hivyo. Tulifundishwa sheria, historia ya Uingereza, kula kwa uma na kuandika ripoti zisizo na hasira. Chakula kilikuwa kizuri mno, nami kila nikishiba nilijiuliza ninanoneshewa nini.

Nilipohitimu nikapangiwa wilaya yetu wenyewe. Wenzangu walinipongeza kwa kurudishwa nyumbani. Mimi nilijua kuna jambo, na sikukosea. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda Mzenga kuwaambia watu kwamba kila kaya ilime muhogo, na atakayekaidi atapelekwa barazani kuhukumiwa.

Nilisimama mbele yao na kaptula nyeupe na soksi ndefu, nikasema yote niliyoagizwa. Bibi alikuwa amekaa mbele ya wanawake wenzake, ananitazama soksi.

"Umekuja," akaniuliza, "au umetumwa?"

Nilitamani sana kusema nimekuja.

"Nimetumwa, bibi."

Akajiinua taratibu, akajifunga khanga vizuri, akanisogelea. Nilidhani ananijia kama zamani, moyo ukafurahi, nikaanza kuinama ili anishike kichwa.

"Shikamoo, bwana," akasema bibi yangu.

Akabaki amesimama pale, na watu wote wakinisubiri niitikie.