Safari ya Mwera, kwa Walioacha Pombe

Nilikwenda Mwera kwa sababu ya binti yangu Salha. Ndoa yake imekaribia, na wa kumwozesha ni mimi babaye. Jumapili alinikuta nimelala barazani, kanzu imejaa matapishi. Akanifuta uso, akasema taratibu, "Baba, ukija hivi siku ya ndoa, nitamwomba Ami asimame badala yako." Ami ni mdogo wangu. Salha hakulia. Laiti angelia!

Tanga mjini ipo mikutano ya walioacha pombe, lakini ukoo wetu umejaa mjini: mtu akipiga chafya mtaa wa Ngamiani, mtaa wa Chumbageni wanamwombea rehema. Mteja mmoja wa duka letu la vitambaa, aliyekwisha kuacha, akaninong'oneza: "Nenda Mwera, Alhamisi baada ya adhuhuri. Ukishapita shamba la mkonge utaona watu wamekaa kimya. Wewe kaa tu. Hakuna atakayekuuliza u nani."

Alhamisi asubuhi nilidandia lori la rafiki yangu, tupu, likienda Pangani kupakia nazi. Ilikuwa siku yangu ya nne sijaonja pombe. Kila kitu nilikiona kama kwa nyuma ya kitambaa chepesi cha melimeli. Minazi ilikuja, ikapita, ikaja tena, nikadhani ni ileile inatutangulia. Dereva alikuwa akizungumza habari ya mpira, nami nikiitikia "naam" bila kusikia kitu.

Saa sita tulifika Pangani, nikaingia kwenye pantoni. Mto ulikuwa umetulia mno, hata nikaona sisi tumesimama na Bweni, ng'ambo ya pili, ndiyo inayotujia. Kando yangu alisimama mgema na dumu lake la tembo, povu linachungulia kifunikoni. Harufu ile! Mate yakanijaa. Nikashika chuma cha pantoni hata vidole vikauma, nikamwita Mungu kwa majina yote niliyofundishwa katika chuo cha Kurani.

Kutoka Bweni nilipanda bodaboda. Mikonge ilijipanga mistari mistari, ikifunguka na kujifunga tulivyopita, nami nikasinzia na kuamka, nikasinzia na kuamka. Kijana wa bodaboda akanigutusha: "Mzee, usije ukaniangukia bure!"

Saa saba Mwera. Baada tu ya mkonge nikaona majamvi yametandikwa uani, watu wamekaa kimya. Alhamdulillahi, nikasema, nimefika. Wanaume watatu wakainuka, wakanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana. Umetoka wapi?"

"Tanga."

"Subhanallah! Pole na safari. Kaa, ule."

Nikapewa wali, kisha kahawa. Macho yao mekundu, yangu mekundu. Tangu nianze kunywa sijapata kupokewa vile popote. Machozi yakanitoka, na mtu wa ubavuni pangu akaniwekea mkono gotini, naye akalia. Hawa ndio wenzangu, nikajiambia. Nikasimama.

"Naitwa Seif. Mimi ni mlevi. Leo siku ya nne sijaonja. Naomba mnisaidie, nimwoze mwanangu."

Aliyekuwa akinimiminia kahawa akaliweka birika chini. Ndipo niliposikia sauti za ndani, ambazo muda wote nilidhani ni redio. Wanawake walikuwa wakilia. Ya Rabi! Nilikuwa matangani. Na kwetu pwani mgeni wa msiba haulizwi amekuja kwa nani. Hupewa jamvi na kahawa, basi.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Yule aliyelia nami akanivuta kanzu. "Kaa. Mimi Hamza. Tuliyemzika jana ni kaka yangu, na kilichomuua ni pombe. Miaka yote tukisema ana kisukari." Akapangusa pua. "Mkutano unaoutafuta uko nyuma ya kanisa la Walutheri. Sote twaujua. Twapita mbali nao."

Akavaa ndara, akanisindikiza, ameacha msiba wake nyuma. Nyuma ya kanisa tulikuta watu wanane kwenye mabenchi, na Mama Eliza, mkata mkonge wa zamani, akiwagawia chai.

"Karibuni. Mko wawili?"

"Nimemleta huyu tu," alisema Hamza. Lakini hakuondoka. Walizungumza mmoja mmoja, kwa sauti za chini, na upepo ukipita kati ya mabenchi nikaona mchana umesimama pale pale. Zamu yangu ilipofika niliyasema yaleyale. Kisha Hamza akainuka bila kuitwa.

"Mimi sinywi," akasema. "Ila nilimfichia kaka yangu mpaka akafa." Akalia kwa sauti, na Mama Eliza akamshikia kikombe.

Nilirudi Tanga wakati wa magharibi. Salha alikuwa mlangoni. Akanisogelea akanusa pumzi zangu, kama afanyavyo kila siku. Nikamsimulia yote. Akacheka hata akakaa chini, kisha kicheko kikamkauka.

"Umesema mbele ya watu, baba? Msibani?"

"Nimesema, mwanangu. Aibu niliyoikimbia hapa Tanga nimekwenda kuivaa Mwera, na sikufa. Siri ndiyo inayoua. Alhamisi nakwenda tena."

Akainuka, akakung'uta kanga yake.

"Ami alikwishanunua kitambaa cha kanzu ya kuniozeshea," akasema. "Nitamwambia asikipeleke kwa fundi kwanza."